Maswali na majibu ya biashara: hela ya kuanzia unayo, ya kungojea je?

Mwezi huu meseji za miradi zimekuwa nyingi kuliko kawaida, nimechagua tano, majina nimeyatoa kama mlivyoomba na zile ndefu nimezipunguza kidogo. Nilivyozisoma zote pamoja nikaona karibu wote mna ugonjwa mmoja. Hela ya kuanza mlikuwa nayo, tena wengine nzuri tu, ila hamna aliyepiga hesabu ya kile kipindi ambacho hela inatoka kila siku na hairudi hata mia. Kipindi hicho kila mradi unacho, na kwa maoni yangu miradi mingi inafia hapo kabla hata soko halijaikataa. Haya tuanze.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mi ni mama wa nyumbani niko Kibaha. Nilipata milioni 9 za mafao ya mume wangu tukakubaliana tufuge kuku wa mayai. Banda la tofali limekula milioni 5 na ushee, nikaingiza vifaranga 500, mungu saidia wamekufa wachache tu. Sasa hivi wana wiki 11 na hela ya chakula imeisha kabisa, nadaiwa dukani mifuko 6. Shemeji yangu ananiambia niwachanganyie pumba nyingi ili chakula kisogee mpaka waanze kutaga. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuwakuza, maana kufikisha kuku 500 wiki 11 bila vifo vingi sio kazi ndogo, kazi unaiweza, kilichokushinda ni karatasi.

Kwanza pumba usichanganye. Kuku anayekua akinyimwa chakula chenye nguvu anachelewa kutaga, akianza anatoa vijiyai vidogo, na hilo hulirekebishi baadaye hata ukimpa chakula cha bei gani. Utakuwa umeokoa mifuko michache umeharibu mwaka mzima wa mayai. Shemeji mwambie asante ila hapana.

Sasa hesabu ambayo ilitakiwa ifanywe kabla ya tofali la kwanza ni hii. Kuku wa mayai kuanzia kifaranga mpaka wiki ya 20 anakula kama kilo saba na nusu hadi nane. Kuku 500 ni karibu tani 4, yaani mifuko 75 mpaka 80 ya kilo 50 kabla hujaokota trei moja. Tuseme mfuko ni elfu 50 (we weka bei ya duka lako), hapo tayari ni milioni 4, bado vifaranga wenyewe, mkaa wa kuwapasha joto, maranda, chanjo za mdondo na gumboro na ndui. Na siku yai la kwanza linapodondoka shida haijaisha, maana kundi likishakuwa kubwa kila kuku anakula kama gramu 120 kwa siku, yaani kilo 60, zaidi ya mfuko mzima kila siku inayoamka, na wiki hizo za mwanzo wanaotaga ni wachache. Mpaka nusu ya kundi au zaidi iwe inataga ndo mayai yanaanza kubeba chakula chake. Kwa hiyo kwa milioni 9 ulitakiwa kujenga banda la mabanzi na wavu, au kuingiza kuku 200. Banda zuri halitagi.

Kwa hapo ulipo, kuku wako bado wanahitaji kama mifuko 45 hadi 50 kufika wiki ya 20. Ushauri wangu uza nusu sasa hivi. Matetea ya wiki 11 au 12 yaliyopata chanjo zote yana soko lake, kuna wafugaji hawataki kabisa kulea vifaranga, wanatafuta ambao wameshavuka hatari. Andika kwenye daftari tarehe za chanjo zote, piga picha chupa za dawa kama bado unazo, mnunuzi akiona hivyo anakuamini na bei inapanda. Hiyo hela lipa deni la dukani kwanza, ili mlango wa kukopa ubaki wazi siku ya dharura, inayobaki yote inunue chakula cha hao 250. Chanjo usiruke hata moja kwa sababu ya kubana matumizi, mdondo ukiingia unaweza kuondoka na banda zima.

Na usikae kusubiri yai ndo utafute mteja. Kuanzia wiki hii zunguka kwa wauza chipsi na vigenge vya mtaani kwako, ulizia wanachukua trei ngapi kwa wiki na kwa nani na wanalipa papo hapo au kwa mali kauli. Chipsi mayai inauzwa kila jioni, hao ndo wateja wako wa kudumu, duka kubwa linalokulipa baada ya mwezi achana nalo kwanza.

SWALI: Habari za kazi. Nafungua bekari hapa Mwanza, nataka mikate iwe sokoni kabla ya Ramadhani. Oveni nimeagiza China, muuzaji kasema siku 60 mpaka Dar. Nimeshapaka rangi, nimeweka bango, nimetengeneza fulana za wafanyakazi. Naona mambo mengi yanaenda kwa wakati mmoja nachanganyikiwa, kuna programu yoyote ya simu ya kusimamia mradi unaweza kunipendekezea?

JIBU: Programu zipo nyingi ila kwa sasa hazitakusaidia, chukua manila kubwa na maka peni ubandike ukutani. Andika kila kazi iliyobaki, mbele yake andika siku inazohitaji, halafu andika inangoja nini. Hicho cha tatu ndo watu wanakiruka na ndo chenye maana kuliko vyote. Kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1957 walikaa na watu wa kompyuta wa Remington Rand wakatengeneza hesabu ya namna hii kwa ajili ya viwanda vyao, na wanajeshi wa majini wa Marekani wakatengeneza ya kwao inayofanana mwaka 1958 kwenye mradi wa makombora ya Polaris. Kwa watu wa kawaida hesabu yenyewe ni nyepesi: tafuta mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazongojeana, huo ndo unaamua tarehe yako ya kufungua. Kazi ambayo haipo kwenye huo mnyororo hata ukiimaliza leo hujasogeza ufunguzi hata siku moja.

Tuiangalie ya kwako. Rangi, bango, fulana, vyote umemaliza mapema na hakuna kitu kilikuwa kinavingoja. Oveni siku 60, halafu kuitoa bandarini, halafu lori mpaka Mwanza, halafu kufunga. Lakini kufunga kunangoja umeme. Hukuniambia ila oveni za bekari za umeme nyingi zinataka fezi tatu, yaani umeme wa nguvu kubwa wa mashine, sio huu wa nyumbani, je jengo lako lina fezi tatu? Kama halina, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako kesho asubuhi kaombe wakupimie na wakupe makadirio, maana fundi wa kusuka nyaya, malipo, kuunganishwa, vyote hivyo vinaweza kufanyika wakati oveni iko baharini, na ukisubiri ifike ndo ukaombe umeme utakaa unaitazama tu imefungwa nailoni huku mwezi unaandama.

Halafu kuna TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako kwao, na wao wanakuja kukagua jengo na kuchukua sampuli ya mkate, na mkate hauwezi kuwepo kabla ya oveni. Hiyo nayo ipo kwenye mnyororo wako, inakuja mwisho, na naona hujaiweka kabisa. Kama we ni mjasiriamali mdogo pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza wakupe barua ya utambulisho, inakurahisishia njia na gharama. Vibali vya jengo, leseni, wafanyakazi kupima afya, hizo anza sasa zisije zikakurudisha nyuma.

Ukishajumlisha mnyororo wote linganisha na kalenda. Kama haufiki kabla ya Ramadhani bora ujue leo kuliko kuahidi maduka halafu uwaangushe mwezi ambao kila mtu anataka mkate wa futari. Unaweza kuongea na bekari nyingine iliyopo ukodi oveni yao saa za usiku, wafanyakazi wako wajifunze, na ladha yako uijaribishe kwa watu ukiwa bado hujaingia hasara.

SWALI: Mshauri mambo vipi, mi ni seremala Keko hapa Dar. Nimepata oda ya lodge, vitanda 40 na makabati. Bosi alitoa advansi asilimia 30. Tukiwa katikati akabadilisha anataka droo chini ya kitanda, mara kichwa cha kitanda kiwe na sofa, bei hataki kuongeza na kelele nimechelewa. Mbao zimeshaisha hela sina.

JIBU: Poa fundi wangu. Kwanza simamisha hiyo kazi leo, kistaarabu. Mpigie umwambie bosi naomba dakika 20 uje karakana. Mtengenezee kitanda kimoja tu kama anavyotaka sasa, droo na sofa na kila kitu, akikague, alale kama anataka kulala, akikubali piga picha yeye akiwa amesimama pembeni yake, halafu hapo hapo muandikie kwenye wasapu: kitanda hiki nyongeza ni shilingi kadhaa kwa kimoja, siku zinaongezeka kadhaa, naanza ukijibu sawa. Asipojibu sawa unaendelea na kile mlichokubaliana mwanzo. Sio ukorofi huo, mabosi wengi hawajui kama droo ni mbao na reli na siku mbili za mtu, wanaona ni kamaneno tu kwenye simu.

Hili la kuanza kabla mchoro haujatulia limewaumiza hata wenye nchi zao. Jumba la Opera la Sydney walianza kulijenga 1959 wakati bado hawajajua paa litashikaje, baadaye nguzo za chini zikaonekana haziwezi kulibeba ikabidi zifumuliwe. Makadirio yalikuwa dola milioni 7 za Australia likamalizika kwa milioni 102, na badala ya 1963 likafunguliwa 1973.

Oda ijayo advansi isipungue gharama ya mbao zote, maana mbao inatakiwa inunuliwe mapema ikauke, ukiichonga mbichi mlango wa kabati unapinda ukiwa tayari kwa mteja na lawama zote zako. Iliyobaki ulipwe kwa mafungu, kila vitanda 10 vikitoka hela inaingia ndo vingine vinaanza.

SWALI: Assalamu alaykum dada. Niko Muscat nafanya kazi, kwetu Tanga. Nina kiwanja barabarani nataka fremu 4. Kila mwezi namtumia kaka yangu wa tumbo moja hela, mwaka wa pili huu bado ni kuta tu. Nikiuliza ananiambia bei zimepanda. Simtuhumu lakini roho inaniuma. Mwezi uliopita kaniambia mifuko 60 ya simenti imeisha kwenye tofali 900.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Nimeisoma barua yako nikaumia maana hela hiyo najua inavyopatikana huko.

Tuanze na simenti. Tofali za inchi 6 mafundi wengi mfuko mmoja wanatoa kama 25 mpaka 35. Mifuko 60 hata kwa wale wanaoweka simenti nyingi ni tofali 1,500. Kwa 900 kuna mifuko kama 24 haina maelezo. Inawezekana ilitumika kwenye msingi, inawezekana ililoa mvua, inawezekana pia iliuzwa, usimkalipie, muulize tu mifuko mingine iko wapi kwenye jengo. Swali la namna hiyo linajibika, ila ukimuuliza mbona unaniibia hapo umeshavunja undugu na jengo hujapata.

Shida kubwa ni kwamba kaka yako umempa kazi tatu kwa mpigo, anatunza hela, ananunua, na anasimamia mafundi. Hata malaika akipewa hizo tatu peke yake atashikwa na tamaa au atachanganya tu. Zitenganishe. Tafuta mkadiriaji akutengenezee BOQ, yaani orodha ya vifaa na gharama, ya fremu zote, ni hela ya mara moja na itakuonyesha kila hatua inataka nini, msingi, kuta, lenta, kupaua, plasta, milango. Hela ya vifaa mlipe mwenye duka moja kwa moja kwa benki au simu, na umdai risiti ya EFD, ile ina alama ya kuskani unaihakiki mwenyewe ukiwa huko huko Muscat. Fundi mlipe kwa hatua iliyoisha, sio kwa wiki. Kaka abaki msimamizi na umpe posho yake inayojulikana kila mwezi, hili wengi hamfanyi, mnamtaka mtu aache shughuli zake asimame juani bure kwa sababu ni damu yenu, naye anajilipa kimya kimya. Na kila hatua kabla hujalipa inayofuata, mtu mwingine asiyekuwa ndugu wa kaka wala rafiki wa fundi akapige video jengo zima.

La mwisho kwako, acha kutuma kidogo kidogo kila mshahara. Kila ukituma mafundi wanaitwa, wanafanya siku nne, hela inaisha, wanaondoka, wakirudi wanaanza kusafisha na kujenga tena jukwaa, mbao za jukwaa zimeshaibiwa. Weka mpaka ifike hela ya hatua nzima ndo uanze. Na kama kuta za zote nne zimeshasimama, paua na umalizie mbili za mbele upangishe, kwetu mpangaji wa fremu mara nyingi analipa miezi 6 kwa mkupuo, hiyo hela ndo itamalizia mbili za nyuma, mshahara wako upumue.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana Kongwa, Dodoma. Tumeomba mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 na tumeambiwa tumepita. Tunataka kulima alizeti eka 50 kwa mkupuo, trekta la kukodi lipo. Wazee wanasema tuanze kidogo, sisi tunaona watachelewesha maendeleo. Tushauri.

JIBU: Vijana wangu hongereni, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri fungu la vijana ni 4, wanawake 4, wenye ulemavu 2, na haina riba, wengi wanaililia hawaipati. Lakini nyie mmekaa juu ya ardhi ambayo imeshatoa somo hili kwa gharama kubwa sana, na nashangaa wazee hawajawahadithia.

Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakatuma timu ikiongozwa na John Wakefield ikazunguka kwa wiki chache tu, ikarudi na mpango wa kulima karanga zaidi ya eka milioni 3, nyingi Tanganyika. Kazi ikaanza 1947 hapo hapo Kongwa. Hawakulima shamba la majaribio la maana wakaona misimu michache inasemaje, walianza na ukubwa wenyewe. Matrekta mengine yalikuwa mabaki ya vita, yakafa kwenye vichaka na mibuyu. Udongo wenu mnaujua, mvua ikikata unakuwa mgumu kama sakafu, karanga ziko chini na kuzitoa haiwezekani. Mvua zikawaangusha. Wagogo hapo walikuwa wanalima uwele na mtama miaka yote kwa sababu zinavumilia ukame, na elimu hiyo ilikuwa ya bure kwa yeyote ambaye angekaa nao chini akauliza. Januari 1951 mradi ukafungwa, zaidi ya pauni milioni 35 zimeteketea, na huko kusini reli waliyojenga kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo baadaye ikang'olewa.

Hao walikuwa na serikali nyuma yao, wakapoteza wakarudi kwao. Nyie mkipoteza mnabaki Kongwa na deni la halmashauri.

Kwa hiyo msimu wa kwanza limeni eka 5, na hizo 5 msizipande mbegu moja siku moja. Gaweni, nyingine mbegu ya kawaida ya Record, nyingine chotara, nyingine mpande mvua za kwanza nyingine mchelewe kidogo, kila kipande kina kibao chake na daftari lake: tarehe ya kupanda, mvua ilinyesha siku gani, palizi ilikula vibarua wangapi, magunia mangapi yametoka, mashine ya kukamua imetoa lita ngapi. Mtu mmoja kati yenu awe na kazi hiyo ya daftari tu na msimbadilishe katikati. Mkishajua eka moja kwa mikono yenu na udongo wenu inatoa nini, msimu wa pili nendeni 15 au 20 mkiwa mnajua mnachofanya. Eka zilizobaki za mwaka huu kama mna uhakika wa ardhi zisafisheni taratibu, hiyo haina hasara.

Na kabla hamjasaini mkataba wa mkopo ulizeni marejesho yanaanza mwezi gani. Alizeti ikipandwa mwishoni mwa Desemba au Januari inavunwa Aprili au Mei, bado kukausha na kupiga na kutafuta bei. Wakiwaandikia rejesho la kwanza Machi, ombeni kwa maandishi lisogezwe mpaka baada ya mavuno, afisa maendeleo ya jamii ndo wa kuanza naye, mwende na kalenda ya shamba mkononi aione. Wakikataa, basi kwenye huo huo mkopo tengeni kabisa hela ya marejesho ya miezi ya mwanzo na muipunguze kwenye eka, maana alizeti haitachanua haraka kwa sababu mnadaiwa.